Ratiba ya Timbo si Ratiba ya Ujenzi

Mwezi uliopita nilistaafu. Nilipewa saa ya ukutani, zawadi inayomfaa sana mtu ambaye hana tena haja ya kujua ni saa ngapi, na meneja akasoma hotuba iliyonisifu kwa kazi za mwenzangu wa stoo. Nilipiga makofi kama wengine. Tangu siku hiyo vijana wa ofisi ya mipango wamenipigia simu mara nne kuniuliza faili fulani liko wapi. Faili liko palepale. Haya ninayoyaandika ndiyo yasiyomo ndani yake, na kwa kuwa nyinyi ndio mlioachiwa kiti changu, ni haki yenu kuyajua kabla hamjaanza kujivuna.

Habari za vyeo sitaziandika. Nilipandishwa mara mbili katika umri wangu wote wa kazi, na mara zote mbili nililetewa meza kubwa zaidi na kazi ileile.

Niliingia timboni nikiwa msichana wa Shela, Malindi, na stashahada yangu ya upimaji, viatu vyepesi vya ngozi na buibui lililopigwa pasi. Timbo letu liko bara ya Kilifi. Tulichimba mawe ya chokaa na kuyapeleka kwenye tanuri la kampuni, kilomita chache kutoka hapo. Mlinzi wa lango aliniuliza kama nimekuja kuuza maandazi. Kufika adhuhuri buibui lilikuwa jeupe kwa vumbi, viatu vimefunguka midomo, nami nilikuwa nimeshatamani sana hayo maandazi.

Nilikabidhiwa kwa msimamizi wa timbo, Mzee Ngumbao, Mgiriama mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Alianza kazi kama fundi wa baruti, na masikio yake yalikuwa yamekula milipuko mingi mno. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaangalia saa yake, akanijibu, "Saa tatu na robo." Ilinichukua wiki kujua kwamba alisikia vizuri tu, ila alikuwa akiwapima wageni aone nani atakasirika.

Ofisi yake ilikuwa kontena la bati. Ndani yake mlikuwa na birika, nyundo, kichupa cha asidi, na ubao mweusi uliotoka katika shule fulani iliyopata mbao mpya. Hiyo ndiyo ilikuwa idara nzima ya mipango. Nyundo ilikuwa ya kugonga mwamba na kuusikiliza. Asidi ilikuwa ya kudondoshea jiwe: likitoa povu jingi na kwa haraka, ni chokaa safi, likizubaa, lina uchafu usiopendwa na tanuri. Na ubao ulikuwa wa kuandikia jiwe gani litoke wapi, lini, na kwa mashine gani.

"Tanuri ni kama mgonjwa wa kisukari," alinieleza. "Lazima ale, ale kwa saa, na asile kila anachokiona. Ukimpa jiwe zuri tupu leo, kesho utampa nini? Ukimpa baya tupu, anazimika. Kazi yako ni kumchanganyia, mwanangu. Kila siku. Hata ile siku unayotaka kwenda harusini."

Mimi nilikuwa nimesoma. Nilikwenda nyumbani nikachora ratiba ya mwezi mzima kwa kalamu za rangi nne, kila kazi na tarehe ya kuanza na ya kumaliza, mishale ikitoka hapa kwenda pale. Mzee Ngumbao aliitazama kwa heshima kubwa, kama mtu anayeoneshwa picha ya mtoto mchanga asiyekuwa mzuri.

"Jumanne tunamaliza ngazi ya pili," akasoma. "Halafu?"

"Halafu tunaingia ngazi ya tatu, mzee."

"Juu ya ngazi ya tatu kuna nini?"

"Udongo."

"Nani kauondoa?"

Udongo sikuuchora kwa sababu haukuwa na faida. Akanimiminia chai, akanitoa nje, tukasimama ukingoni. Timbo lilishuka mbele yetu kama ngazi za jitu, kila kipandio kimo cha nyumba ya ghorofa tatu. "Huwezi kuchimba cha chini kabla ya cha juu," akasema. "Na cha juu kabisa ni takataka. Takataka ndiyo ratiba. Jiwe litajiratibu lenyewe."

Nimekaa na maneno hayo miaka mingi, na kila mwaka nimeyaona yakiwa ya kweli zaidi, jambo lililonikera, maana siku ile nilimwona mshamba.

Hebu niwaeleze tofauti, kwa kuwa mtaletewa wataalamu wa kuwaambia haipo. Anayejenga nyumba ana msingi, ukuta, paa na funguo. Anajua siku ya mwisho, na anahesabu kutoka hapo kurudi nyuma. Akimaliza ukuta, ukuta umekwisha. Anaupiga alama na kuusahau. Akichelewa, anaongeza mafundi. Ratiba yake ni ya kazi ambazo kila moja ina mwanzo na mwisho. Sisi tulikuwa na shimo. Shimo halimaliziki mpaka kampuni iliache, na mpaka siku hiyo tanuri litataka kula. Ratiba yetu ilihesabu mwendo: mashine hii inatoa mawe kiasi gani kwa saa, ikiharibika tunahamia ukuta upi, na ukuta huo una jiwe la namna gani. Ukiongeza malori mbele ya ekskaveta moja, ile mashine ya kuchimba na kupakia, hupati mawe zaidi. Unapata foleni ya madereva wanaokula njugu. Na mwamba wenyewe hukuuchora wewe. Unakisia ulivyo ndani, unachimba, unakuta umekisia vibaya, unapanga upya. Mjenzi akipanga upya kila wiki anafukuzwa. Mpangaji wa timbo asiyepanga upya kila wiki ndiye anayestahili kufukuzwa.

Mzee Ngumbao alipostaafu aliniachia nyundo na kontena. Birika aliondoka nalo. Kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda. Tulipata kompyuta, ramani zikawa za rangi, na ubao mweusi nikauacha ukutani kwa sababu haukuwahi kuishiwa na umeme.

Kisha akaja msimamizi mpya wa timbo, Injinia Twalib.

Alikuwa kijana wa Mombasa, mwenye adabu na nguo safi, na alikuwa amesimamia ujenzi wa barabara na maghala kwa sifa. Sina budi kusema alikuwa hodari. Aliniamkia shikamoo siku ya kwanza kwa unyenyekevu kamili, kisha akaniuliza timbo litakwisha lini.

"Likwishe?" nikasema.

"Kila mradi una mwisho, Bi Rukia."

"Huu ni mgodi, mwanangu."

"Mgodi ni mradi ambao haujapata msimamizi," akanijibu, na akatabasamu kama mtu aliyekwisha kuyasema hayo mbele ya wakurugenzi yakapendwa.

Ndani ya mwezi mmoja alikuwa ameligawa timbo katika kazi mia nne na kitu, kila moja na mstari wake kwenye chati. Iliyokuwa haijaanza ilikuwa ya kijivu, inayoendelea ya njano, iliyokwisha ya kijani. Chati ilichapishwa ndefu kiasi cha kuzunguka kuta tatu za ofisi, na ubao wa Mzee Ngumbao ukapelekwa jikoni, ambako wapishi waliutumia kukatia mboga. Kila Alhamisi niliulizwa asilimia. Ukuta wa kaskazini umekamilika kwa asilimia ngapi? Nilikwenda nikautazama ukuta wa kaskazini. Mwamba uliendelea kwenda ndani, tangu Mungu alipouumba, kuelekea Ganze. Nikaandika asilimia sitini na mbili. Alifurahi. Wiki iliyofuata nikaandika sitini na tano, na akanisifu kwa maendeleo.

Hapo mnaweza kucheka, na mimi nilicheka. Sasa nitawaambia pale pasipochekesha.

Katika chati hiyo, kila kazi ilifungwa na nyingine iliyoitangulia, na kompyuta ikaonesha zile ambazo zikichelewa siku moja kila kitu kinachelewa. Hizo zilikuwa za maana. Zilizobaki zilikuwa na nafasi ya kusubiri. Na kuondoa udongo wa juu, kwa kuwa hakuna lori lililoupeleka popote penye faida, kompyuta ilisema kuna nafasi ya kusubiri wiki sita. Injinia Twalib akachukua tingatinga lililokuwa juu, akalishusha chini kusaidia kusukuma mawe. Wiki sita zilipokwisha, akasogeza mstari mbele, zikawa sita nyingine. Kwenye kompyuta ni kazi ya kidole kimoja.

Huko timboni, kipandio cha chini kilikuwa kinaingia ndani na cha juu kimesimama palepale. Kila wiki tulikula kidogo katika ule upana wa kipandio unaoachwa makusudi ili kinachoanguka kutoka juu kisifike chini. Mstari wa mawe mazuri ukawa wa kijani kabla ya tarehe. Tuliitwa hoteli moja ya Bofa kuwaeleza wakurugenzi tulivyofanikiwa. Kulikuwa na kaimati, maji ya matunda ya rangi tatu na picha ukutani, na mkurugenzi mmoja akauliza kwa nini timbo halikuwa likiendeshwa hivi tangu mwanzo. Wote wakanigeukia mimi. Nikasema kaimati ni tamu.

Masika ilianza. Jumatatu moja nilipanda juu ya ukuta wa kaskazini na nyundo yangu, nikaona ufa. Ulikuwa umekwenda sambamba na ukingo, hatua kama thelathini, na maji ya mvua yalikuwa yakiingia humo bila kujaa. Niliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Niliandika katika daftari langu, nikateremka, nikamwendea Injinia Twalib.

"Ukuta wa kaskazini utaporomoka," nikamwambia. "Tuwatoe watu chini, tulirudishe tingatinga juu."

"Lini?"

"Sijui. Leo, au mwezi ujao, au usiporomoke."

Akageuza kiti chake. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka kweli kuelewa. "Bi Rukia, nitawekaje kwenye chati kitu kisicho na tarehe?"

"Usikiweke kwenye chati. Watoe watu."

"Tukisimama, tanuri litakosa mawe Ijumaa. Nipe mpaka wiki ijayo. Nikimaliza mstari huu, nakupa tingatinga, nakuahidi." Kisha akanisogezea mpango wa kazi wa wiki. "Hii saini ni ya kuthibitisha kwamba umeupokea tu."

Mpango ulimweka Safari Kenga na ekskaveta yake chini ya ukuta wa kaskazini, Jumatatu mpaka Jumamosi.

Nilitia saini. Nimewahi kujieleza sababu nyingi. Kwamba nilikuwa mkubwa wa idara isiyokuwa na mtu mwingine. Kwamba tayari wakurugenzi walikuwa wakiniona kikongwe anayependa ubao. Kwamba nimeshasema, na kusema ndiyo kazi yangu. Yote ni kweli, na yote niliyafikiria baadaye. Wakati ule nilitia saini kwa sababu karatasi ilikuwa mbele yangu na kalamu mkononi.

Safari Kenga alikuwa dereva bora wa ekskaveta niliyepata kumwona. Mtu wa Junju, mrefu, mpole, aliyeweza kuokota jiwe moja kati ya kumi kwa ndoo ya chuma bila kugusa mengine. Kila nilipopita alizima mashine aniamkie, jambo lililokuwa kinyume cha kanuni zote za uzalishaji. Nilikusudia kumwambia habari ya ufa. Jumanne nilikuwa nateremka kwenda kwake simu ikaita: asilimia za wiki zinatakiwa mapema, kuna mgeni. Nikarudi juu. Jumatano mvua ilinyesha kutwa. Alhamisi, saa nne asubuhi, nikiwa ofisini naandika tena, kama kila Alhamisi, kwamba ukuta wa kaskazini umefikia asilimia sabini na nane, nilisikia mlio mrefu na mzito, kama mtu anavuta kabati kwenye sakafu.

Nilikimbia. Nilipofika, vumbi lilikuwa limeshakatwa na manyunyu. Nusu ya ekskaveta ilionekana, nusu haikuonekana. Madereva wa malori walikuwa wanachimba kwa mikono. Kioo cha upande mmoja kilikuwa kimevunjika, nikapenyeza mkono, na mkono wa Safari ukaushika.

"Nani?"

"Ni mimi, Rukia."

"Shikamoo, Bi Rukia," akasema. Wallahi, ndivyo alivyosema. "Mguu wangu siusikii."

"Tunakutoa. Usilale."

"Mahindi yangu yamefika magotini. Waambie wasipalilie kwa jembe lile kubwa, watakata mizizi."

Nikamwambia nitawaambia. Kwa muda wa saa tatu nilikaa pale nimeshika mkono ule huku wakiondoa jiwe moja moja, na mvua ikinyesha, na juu yetu ukuta uliobaki ukidondosha vikokoto. Alizungumza habari za mahindi, na za binti yake anayeogopa kuku. Hakuuliza imekuwaje. Nami sikumwambia.

Alitoka akiwa hai. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti.

Wiki iliyofuata, kwenye chati ya kuta tatu, kulikuwa na mstari mpya: "Kuondoa maporomoko, siku kumi." Ulifungwa vizuri kabisa na iliyotangulia na inayofuata. Ulianza kijivu, ukawa njano, na kwa kuwa tulifanya kazi kwa bidii ya watu wenye hofu, ukawa kijani siku ya nane. Tuliitwa tena Bofa. Injinia Twalib, uso umemshuka, akaonesha mstari ule. Mkurugenzi yule wa mara ya kwanza akasema siku mbili kabla ya wakati ni jambo la kupongezwa, na baadhi yao, wanangu, walipiga makofi.

Nikasimama. Sikuwa nimepangiwa kusema. Nikafungua daftari langu nikawasomea niliyoyaandika Jumatatu: ufa, urefu wake, mkono mpaka kiwiko, na kwamba nimempa habari msimamizi. Nikawaambia mnachopongeza ni mguu wa mtu. Makofi yakakoma. Mtu mmoja akanywa maji yake ya matunda kwa sauti.

Yalibadilika mengi baada ya hapo, sikatai. Tingatinga lilirudi juu siku iliyofuata. Ikatolewa amri kwamba mpangaji wa timbo anaweza kusimamisha kazi bila kumwomba mtu ruhusa, na amri hiyo nyinyi mmeikuta, itumieni. Ubao niliutoa jikoni ukinuka vitunguu. Injinia Twalib alihamishwa kwenda kujenga mtambo mpya wa kusagia mawe, palepale kwetu, na akaumaliza kwa siku aliyoisema, bila hata bolti kukosekana. Nilikwenda kuutazama. Chati yake ilikuwa ukutani, na mara hii kila mstari ulikuwa wa kweli, kwa sababu alikuwa anajenga kitu. Alinikaribisha chai. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba bado huota ule mstari wa kijani. Nikamwambia chati yake haina kosa, kosa ni kuitundika mahali si pake. Alishukuru. Mimi nikaondoka nikijiona mwenye busara na huruma.

Nilijiona hivyo kwa miaka. Kazini nilikuwa yule mama aliyesimama Bofa. Vijana walisimuliana hadithi hiyo, kila mara mimi nikiwa nimenenepa ushujaa kidogo, na sikumsahihisha mtu. Daftari nililisoma mbele ya wakurugenzi. Mpango wa wiki wenye saini yangu sikuusoma.

Safari alirudi kazini na mguu wa bandia, akawekwa kwenye mizani ya malori. Tuliamkiana kila asubuhi.

Wiki mbili zilizopita alikuja kunitembelea hapa Malindi, kunipa pole ya kustaafu, kama alivyosema, na gunia dogo la mahindi mabichi ya Junju. Tulikaa barazani. Nilimletea chai na mahamri. Tukazungumza habari za binti yake, ambaye sasa anafuga kuku. Kisha akakiweka kikombe chini.

"Bi Rukia, wale vijana wenu wananisimulia kwamba wewe uliuona ule ufa Jumatatu."

"Niliuona."

"Na mimi nilikuwa chini mpaka Alhamisi."

"Nilimwambia Injinia. Na mpango wa wiki nikautia saini, Safari. Ulikuwa na jina lako. Nilitaka kuja kukwambia Jumanne, nikaitwa."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliutazama mguu wake kwa muda, akaunyoosha, akaukunja, kama mtu anayejaribu kiatu.

"Mashine yangu ilikuwa na magurudumu ya mnyororo," akasema. "Ningeweza kusogea mita ishirini bila kumuuliza mtu yeyote. Mawe yalikuwapo hata upande ule."

"Najua."

"Mita ishirini tu, Bi Rukia. Ungenipungia mkono kutoka juu."